Tiba ya Familia na Kinga ya Mtu Mzima Afrika Mashariki

Daktari wa familia ni mtaalamu wa tiba anayemhudumia mtu yuleyule, na mara nyingi kaya nzima, kwa miaka mingi, bila kujali umri, jinsia wala kiungo kinachouma. Daktari bingwa wa moyo huanza na moyo. Daktari wa familia huanza na mtu. Akikuta tatizo la moyo lililozidi uwezo wake humwandikia rufaa, kisha hupokea majibu na kuendelea na mgonjwa wake. Kazi yake ina pande mbili: kutibu maradhi ya kawaida yanayoletwa na watu kila siku, na kutafuta kwa watu hao hao maradhi ambayo bado hayajawauma. Upande wa pili ndio unaopuuzwa zaidi, na ndio unaotegemea kabisa uamuzi wa mtu kuchagua mahali pamoja pa kutibiwa na kudumu napo.

Nchini Uingereza, tangu huduma ya afya ya taifa ianzishwe mwaka 1948, mkazi huandikishwa kwa daktari wa eneo lake hata kama haumwi. Norway iliweka mfumo wake wa orodha mwaka 2001, na kila mkazi akawa na daktari anayejulikana kwa jina. Afrika Mashariki haina orodha za namna hiyo. Nchini Kenya mafunzo ya ubingwa wa tiba ya familia yalianza Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Aga Khan hufundisha fani hiyo Nairobi na Dar es Salaam, lakini wahitimu ni wachache mno kwa wingi wa watu. Mkazi wa Kahama au Kilifi akiambiwa achague daktari wa familia huenda asimpate hata mmoja mwenye shahada hiyo. Atakaowapata ni tabibu wa zahanati, daktari wa kituo cha afya, au daktari wa kawaida katika hospitali ya wilaya au kliniki ya mtaani. Hao wanaweza kuifanya kazi ya daktari wa familia vizuri kabisa, mradi wawe wanaandika wanachokiona na wanamtarajia mgonjwa arudi.

Faida ya kumrudia daktari yuleyule imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walizikusanya tafiti 22 kutoka nchi 9. Katika 18 kati ya hizo, vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa wagonjwa waliodumu na daktari wao. Utafiti wa Norway uliotolewa mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu za watu wapatao milioni 4.5, uliwalinganisha waliokuwa na daktari mmoja kwa zaidi ya miaka 15 na waliokuwa naye kwa mwaka mmoja. Kundi la kwanza lilikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa takriban asilimia 25, na wa kulazwa kwa dharura uliopungua kwa takriban asilimia 28. Tafiti za aina hii zina udhaifu wake, kwa maana mtu asiyehamahama huenda ana utulivu katika mambo mengine ya maisha pia. Hata hivyo, njia ambayo faida hiyo hupitia inaeleweka. Daktari aliyemwona mtu mwaka jana huona kwamba amekonda. Aliyemwona mara moja tu huona mtu mwembamba.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kijiji cha Glyncorrwg, kusini mwa Wales. Kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, chenye watu wapatao 2,000, maskini kwa kipimo cha nchi yao. Daktari Julian Tudor Hart alihamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1968 alianza kupima shinikizo la damu la kila mtu mzima wa kijiji. Aliyekuja na kikohozi alipimwa, aliyekuja kufungwa kidonda alipimwa, na asiyekuja kabisa alifuatwa. Waliokutwa na shinikizo la juu waliandikwa, wakapewa dawa, wakapangiwa tarehe ya kurudi, na aliyepitiliza tarehe yake aliulizwa sababu. Baada ya miaka 25, vifo vya watu wasiotimiza umri wa miaka 65 vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 28 kuliko katika kijiji jirani chenye hali ileile ya maisha. Glyncorrwg haikuwa na mashine wala dawa ambazo jirani zake hawakuweza kuzipata. Ilikuwa na daftari, na mtu aliyelisoma.

Tudor Hart alieneza pia hesabu iliyokuja kujulikana kama kanuni ya nusu. Mahali pasipo na ufuatiliaji, nusu ya wenye shinikizo la juu la damu hawajulikani. Nusu ya wanaojulikana hawatibiwi. Na nusu ya wanaotibiwa hawajafikia kiwango kinachotakiwa. Mwisho wake ni kwamba katika kila wagonjwa wanane, mmoja tu ndiye aliye salama kwa kweli. Wengine saba wamepotea njiani, na wengi wao hawakuwahi kukataa matibabu. Hakuna aliyewauliza.

Afrika Mashariki inaujua ufuatiliaji wa namna hii, na kwa watu wa aina mbili inaufanya vizuri sana. Wa kwanza ni mama na mtoto. Mtoto anayezaliwa Tanzania hupewa kadi ya kliniki. Huchanjwa BCG na matone ya polio anapozaliwa, hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Kila tarehe huandikwa na uzito huchorwa kwenye mstari wa ukuaji. Mama asiyerudi huulizwa na mhudumu wa kijiji, na pengine na jirani pia. Kenya ina kijitabu cha mama na mtoto chenye kazi hiyo hiyo. Kundi la pili ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kliniki ya tiba na matunzo, ambayo watu wengi Tanzania huiita CTC, humpa kila mteja namba na kadi, humwandikia tarehe, humhesabia vidonge, na asipofika hupigiwa simu. Mamia ya maelfu ya watu wamekunywa dawa kila siku kwa miaka mingi kwa utaratibu huo, katika majengo yaleyale ambamo mgonjwa wa presha hupewa dawa za mwezi mmoja na kuondoka bila jina lake kubaki popote.

Kati ya makundi hayo kuna pengo, na ndani yake wamo watu wazima wengi. Mwanaume aliyechanjwa mara ya mwisho utotoni anaweza kufika miaka 50 bila kituo chochote cha afya kuwa na sababu ya kumtafuta. Akiumwa homa hununua dawa dukani. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa karibu na watu, nalo ni jambo jema. Lakini duka halina faili. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu hata mara moja. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi. Mtu wa namna hiyo hukutana na daktari wake wa kwanza akiwa amebebwa, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi.

Serikali zimeanza kuliona pengo hili. Kenya ilipitisha sheria ya huduma ya afya ya msingi mwaka 2023, ikaweka mitandao inayounganisha zahanati na vituo vya afya na hospitali moja inayoviongoza, na mwaka huo huo ikawapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwafikisha 137,294 katika miaka mitano. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kumgundua mgonjwa, lakini hawezi kumwandikia dawa wala kuzibadilisha, kwa hiyo kugundua kunafaa tu pale mgonjwa anapokuwa na pa kupelekwa na mtu wa kumpokea huko.

Katika kuchagua, watu wengi huanza na jina la hospitali. Hilo ni kosa lenye gharama kubwa. Hospitali ya rufaa ya kanda, au ya taifa kama Muhimbili na Kenyatta, imeundwa kwa ajili ya wagonjwa walioshindikana chini. Mwenye presha ya kawaida anayekwenda huko hupoteza siku nzima, huonwa na daktari tofauti kila safari, na baada ya safari tatu au nne huchoka na kuacha. Kituo kinachofaa kwa kinga ni kile ambacho mtu anaweza kukifikia kwa miguu au kwa nauli asiyohitaji kuikopa, kinachofunguliwa saa anazoweza kwenda, chenye maabara ndogo na dawa za msingi. Kwa wengi hicho ni kituo cha afya cha kata, zahanati iliyo na tabibu wa kudumu, au kliniki binafsi ya mtaani. Umbali una uzito kuliko sifa. Dawa ya presha hunywewa maisha yote, na safari ya kuifuata hurudiwa maisha yote.

Baada ya mahali, huja mtu. Tabibu ana stashahada ya miaka mitatu. Daktari ana shahada ya chuo kikuu na mwaka wa mafunzo ya vitendo. Daktari bingwa ameongeza miaka kadhaa katika fani moja. Kwa kinga ya kila siku tabibu mzuri anatosha, na ni bora kuliko bingwa asiyeonekana. Kinachopaswa kuhakikishwa ni usajili. Tanzania Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina baraza lake. Kenya madaktari na madaktari wa meno wana baraza lao, na maofisa wa kliniki wana lao. Leseni huhuishwa kila mwaka na kwa kawaida hutundikwa ukutani, na kuiomba si utovu wa adabu. Wanaojiita madaktari na kuuza dawa za kusafisha figo, ini na damu kwa wakati mmoja hawamo katika rejista hizo.

Usajili ni mlango tu. Ubora hujulikana ndani. Daktari anayefaa humwacha mgonjwa amalize sentensi yake ya kwanza. Humgusa: hupima presha kwa mkono wake au humtazama muuguzi anayepima, husikiliza kifua, hutazama miguu ya mwenye kisukari baada ya viatu kuvuliwa. Huandika, na mwandiko wake husomeka na mwingine. Hueleza jina la ugonjwa na jina la dawa kwa lugha ya mgonjwa, na huuliza kama nauli na bei ya dawa vinawezekana. Ana chumba chenye mlango unaofungwa. Hili la mwisho lina uzito kuliko linavyofikiriwa. Mama wa miaka 60 anayeulizwa habari za tumbo la uzazi na kijana wa umri wa mjukuu wake, foleni nzima ikisikia, hatajibu kweli, na hatarudi. Kijana huyo huyo akianza na shikamoo, akafunga mlango, akamweleza kwa nini anauliza, huambiwa yote. Mwanamke anayetaka kuhudumiwa na mwanamke ana haki ya kuomba hivyo, na kituo chenye busara hupanga hivyo bila kumfanya aone aibu.

Ipo dalili nyingine inayofaa kuangaliwa, nayo ni jinsi kituo kinavyoshughulikia homa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mtu mwenye homa hutoka kliniki na majibu mawili kwa pamoja, malaria na taifodi, pamoja na mfuko wa dawa. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwa taifodi, kikifanywa mara moja tu, hakiaminiki, kwa kuwa watu wengi walio wazima huonyesha majibu ya kuwa nayo. Daktari anayepima malaria kwa kipimo cha haraka au darubini, akakuta hakuna, na akawa tayari kusema kwamba chanzo hakijaonekana na mgonjwa arudi baada ya siku mbili, ameonyesha sifa mbili anazozihitaji daktari wa familia: ukweli, na kutegemea kurudiwa. Anayemwandikia kila mtu sindano na antibiotiki huenda anapendwa, lakini anauza dawa.

Ziara ya kwanza inafaa ifanyike mtu akiwa mzima. Mgonjwa mwenye homa kali hana nafasi ya kusimulia ukoo wake, na habari za ukoo ndizo daktari anazozihitaji mwanzoni: nani alipata kiharusi na akiwa na umri gani, nani ana kisukari, nani alifariki kwa saratani ya titi au ya mlango wa kizazi, kuna selimundu katika familia au hakuna. Selimundu inastahili kutajwa kwa jina, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo, na wazazi wengi hawajui kuwa wameibeba mpaka mtoto wao aanze kuvimba vidole. Ina athari hata kwenye vipimo vingine. Kipimo cha sukari cha wastani wa miezi mitatu hudanganya kwa mwenye selimundu, kwa sababu chembe zake nyekundu za damu huishi muda mfupi, na daktari asiyejua hali hiyo anaweza kumwambia mgonjwa wa kisukari kwamba hana kisukari. Mgonjwa aje na dawa zake zote ndani ya mfuko, pamoja na za mitishamba, na aje na kadi na vyeti vya zamani hata kama vimechakaa.

Ratiba ya kinga hubadilika kwa umri. Ya watoto inajulikana kuliko zote, na imekwisha kutajwa. Kilichobaki ni kuongeza matone ya vitamini A na dawa za minyoo, na kuitunza kadi hata baada ya mtoto kuanza shule. Kwa wasichana kuna chanjo ya virusi vya papiloma, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Tanzania iliianzisha chanjo nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutoa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Kenya ilianza mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Uvumi kwamba chanjo hii huharibu kizazi umewafanya wazazi wengi wawafiche binti zao siku ya chanjo. Ukweli ni kinyume chake: ugonjwa ambao chanjo inauzuia ndio unaong'oa kizazi.

Mjamzito anafaa kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu mwaka 2016 mahudhurio 8 katika ujauzito mmoja, na katika hayo presha, mkojo, wingi wa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI hupimwa, na dawa ya kuzuia malaria hutolewa palipo na malaria nyingi. Kwa wanawake wengi hii ndiyo mara pekee ya kupimwa presha. Wengine hukutwa nayo wakati wa ujauzito, wakajifungua salama, kisha hakuna anayeikumbuka tena, ingawa mwanamke aliyepata presha ya ujauzito yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuwa na presha ya kudumu baadaye. Kadi yake ya uzazi ingepaswa kwenda naye kwa daktari wake.

Kwa mtu mzima kipimo kinachookoa wengi kwa gharama ndogo ni kile kile cha Glyncorrwg. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili. Kichwa kuuma na shingo kukaza si kipimo chake, na wengi wenye namba za kutisha hujisikia vizuri kabisa. Kila mtu mzima apimwe angalau mara moja kwa mwaka, na kila anapofika kituoni kwa shida nyingine yoyote. Kupima kwenyewe kuna utaratibu unaovunjwa kila siku. Mtu aketi dakika 5 akiwa ametulia, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishanishwa, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila maongezi, na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Mkanda uzungushwe kwenye ngozi, si juu ya shati, na uwe unalingana na unene wa mkono. Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huonyesha presha ambayo haipo. Aliyetoka kukimbilia daladala akapimwa hapo hapo mlangoni hajapimwa.

Namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya mtu kuitwa mgonjwa, isipokuwa namba zikiwa za hatari. Ikithibitika, mazungumzo huanza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na ndani yake ihesabiwe chumvi iliyo kwenye mkate, dagaa wa kukaushwa, na vikolezo vya pakiti vinavyotiwa kwenye mchuzi. Kisha huja dawa, na hapa ndipo watu wengi zaidi hupotea. Mgonjwa hunywa dawa miezi miwili, hupimwa, huambiwa presha imeshuka, hufurahi, huacha. Presha ilishuka kwa sababu ya dawa na itapanda dawa ikiachwa. Maneno hayo machache yanapaswa kusemwa siku ya kwanza kabisa, na kurudiwa kila safari, na daktari anayemjua mgonjwa wake huuliza pia lile ambalo mgonjwa mwanaume haliulizi kwa hiari: kama dawa imemletea udhaifu wa nguvu za kiume. Dawa zipo za aina nyingi, na kubadilisha ni rahisi kuliko kulaza mtu aliyepooza.

Sukari hupimwa kwa wenye uzito mkubwa, wenye ndugu wa kisukari, wanawake waliopata kisukari cha ujauzito au kuzaa watoto wakubwa sana, na kwa watu wa umri wa miaka 40 na zaidi hata bila sababu hizo. Sukari ya kabla ya kula ikifika milimoli 7.0 kwa lita katika vipimo viwili vya siku tofauti, huo ni ugonjwa. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, mtu yuko ukingoni, na kutembea kila siku pamoja na kupunguza soda na wali mwingi kunaweza kumrudisha.

Mwanamke wa miaka 30 na zaidi achunguzwe mlango wa kizazi. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25 na arudie mapema zaidi. Njia iliyoenea katika vituo ni ya siki: muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, na mabadiliko hujionyesha kwa weupe ndani ya dakika chache. Yakionekana, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandishwa au kuchomwa kidogo. Njia mpya hutafuta virusi vyenyewe, na mwanamke anaweza kujichukulia sampuli faraghani. Mabadiliko hayo huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Ni muda mrefu kiasi kwamba kumpoteza mwanamke kwa ugonjwa huu kunaonyesha kuwa alipita mara nyingi mbele ya watu ambao wangeweza kumwokoa.

Kipimo cha virusi vya UKIMWI, ambacho sheria ya Tanzania tangu mwaka 2019 inaruhusu mtu kujifanyia mwenyewe, na cha homa ya ini aina ya B, ambayo mtu mzima asiyenayo anaweza kuchanjwa, vimo katika ratiba ya kila mtu mzima. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe kifua kikuu. Macho na meno yatazamwe hata kama hayasumbui, hasa macho ya mwenye kisukari, ambayo hufa polepole bila maumivu.

Vipo pia vipimo vya kuachwa. Maabara nyingi mijini hutangaza vifurushi vya kupima mwili mzima, vyenye makumi ya vipimo kwa bei inayoonekana nafuu. Vipimo vingi vikifanywa kwa mtu mzima asiye na dalili, kimoja au viwili hutoka nje ya kiwango kwa bahati tu, na huzaa wasiwasi na vipimo vingine. Vifaa vinavyodaiwa kusoma hali ya figo, ini na moyo kwa kushikwa kiganjani havina msingi wowote wa sayansi, na anayevitumia anaiba.

Gharama zinategemea nchi. Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya zamani tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa huchangia asilimia 2.75 ya mshahara na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, huku huduma za zahanati na vituo vya afya zikilipiwa na mfuko wa huduma za msingi kwa aliyejiandikisha. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Mwenye bima asome mapema kama kituo alichokichagua kimesajiliwa na bima yake, na kama vipimo vya kinga vimo. Bima nyingi huandikwa kwa lugha ya ugonjwa, na mtu mzima asiyeumwa hujikuta akilipa mfukoni.

Kudumu katika ratiba ni kazi ya pande mbili. Kituo kizuri kina daftari la wagonjwa wa presha na kisukari, siku maalumu ya kliniki yao, na mtu wa kupiga simu. Pasipo na hayo, mgonjwa hujitunzia kumbukumbu: daftari moja la shule, jina na mwaka wa kuzaliwa juu, kila kipimo na tarehe yake, kila dawa na kiasi chake, mzio wowote, tarehe ya kurudi. Picha ya kila ukurasa kwenye simu ni akiba nzuri. Miadi ifungwe kwenye jambo lisilosahaulika, kama mwisho wa mwezi au baada ya mavuno, na dawa zifuatwe kabla ya kidonge cha mwisho. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa wa kisukari anayetaka kufunga amwone daktari wiki kadhaa kabla, ili saa na kiasi cha dawa vipangwe upya, badala ya kuacha dawa kimyakimya.

Kubadilisha daktari si usaliti. Panapokuwa na dharau, siri kutolewa nje, au dawa kuandikwa bila kupima, kuhama ni busara. Madaktari wa serikali nao huhamishwa, na kwa sababu hiyo mgonjwa hujifunga na kituo na faili lake kuliko na mtu mmoja. Anayehama mwenyewe, kutoka Tanga kwenda Mbeya au kutoka kijijini kwenda kwa mwanawe mjini, amwombe mganga mfawidhi muhtasari wa ukurasa mmoja wenye majina ya magonjwa, dawa na dozi, vipimo vya mwisho na mzio, na aondoke na dawa za kutosha mwezi mmoja, ili miadi ya kwanza katika kituo kipya imkute angali anakunywa dawa.